Jua likivaa pete: siku inajulikana mbele, jicho halirudi nyuma



Hapa tumezoea kuzungumza juu ya mbolea, viwavi vya mahindi, mbegu na bei ya soko. Leo tunainua macho juu kidogo, kisha tutarudi chini haraka, kwa sababu habari yenyewe ni ya macho. Tunataka kueleza kupatwa kwa jua, ile wengi wanaita eklipse, na hasa ile ya namna ya pete. Kuna moja inakuja upande wetu wa kusini ya Kongo, na siku yake inajulikana tayari: Jumatano tarehe 21 Mei 2031.

Mutasema: «Agronome, mambo ya 2031 tuyaanze sasa?» Ndiyo, tuyaanze sasa. Tutawaambia sababu.

Siku ile ya Septemba 2016

Alhamisi tarehe 1 Septemba 2016 tulikuwa na wakulima wa mboga karibu na mto Kafubu, nje ya Lubumbashi. Tulikwenda kufundisha namna ya kutengeneza mboji. Ilikuwa mwisho wa kipindi cha ukavu, bulongo imekauka, wamama wanabeba mayi toka asubuhi kumwagilia lengalenga na shu. Katikati ya asubuhi mwanga ukaanza kubadilika. Hakukuwa na wingu hata moja, lakini jua lilikuwa kama taa ambayo umeme wake umepungua nguvu. Vivuli vyetu vikawa na makali ya ajabu. Kaupepo ka baridi kakapita. Mama mmoja akaweka ndoo chini, akatuuliza: «Agronome, njo nini ile? Jua iko nakufa?»

Jua halikuwa linakufa. Mwezi ulikuwa unapita mbele yake. Siku hiyo pete kamili ilionekana kwenye kanda nyembamba, upana wake kama kilometa 100, iliyotoka Gabon, ikavuka Kongo zote mbili, ikapita ziwa Tanganyika, ikaingia Tanzania, kisha Msumbiji na Madagaska. Kule Tanzania watu wengi walikusanyika Rujewa, wilaya ya Mbarali, mkoa wa Mbeya, kuangalia pete. Sisi wa Lubumbashi tulikuwa kusini ya kanda ile. Hatukuona pete. Tuliona jua limeliwa sehemu kubwa, limebaki kama mundu wa kukatia majani.

Kijana mmoja pale shambani alikuwa na filme ya radiografi ya kifua ya baba yake. Mtu alimwambia ukiangalia jua kupitia filme ile hauumii. Aliangalia, akapumzika, akaangalia tena. Hakusikia maumivu yoyote. Alicheka na wenzake, akamaliza kazi yake, akarudi nyumbani. Kesho yake asubuhi alipoamka, kulikuwa na doa jeusi katikati ya kila kitu alichokiangalia. Akitazama uso wa mtu, anaona masikio na nywele, lakini pua na mdomo vimefichwa na doa.

Doa lile lilipungua kidogo, halikuisha. Leo ni baba wa watoto, ni mwanamemba mzuri, analima vizuri. Lakini siku ya kupima mahindi lazima mtoto wake amsomee namba za balansi. Kwa mkulima anayeuza mavuno yake kwa kilo, muelewe wenyewe maana yake.

Hapa kuna kosa, na kosa ni letu. Sisi tulijua ile siku. Tarehe ilijulikana miaka mingi mbele. Tulikuja na somo la mboji, tukabeba vitabu na mabango, na hatukusema neno hata moja juu ya jua. Tulifikiri si kazi ya agronome. Ndiyo maana safari hii tunaanza mapema.

Ni kitu gani kinatokea?

Fanyeni jaribio hili. Kamata kizibo cha chupa ya limonade. Mwambie mtu asimamishe baiskeli hatua kumi na mbili mbele yako. Funga jicho moja. Leta kizibo karibu na jicho lingine, umbali wa shibiri moja: gurudumu la baiskeli linajificha lote nyuma ya kizibo. Sasa nyoosha mkono mpaka mwisho. Kizibo kiko katikati ya gurudumu, lakini ukingo wa gurudumu unaonekana kukizunguka pande zote. Kizibo ni kilekile, gurudumu ni lilelile. Kilichobadilika ni umbali tu.

Ndivyo ilivyo kwa mwezi na jua. Upana wa jua unazidi upana wa mwezi kama mara 400. Lakini jua pia liko mbali kuliko mwezi karibu mara 400: jua liko kama kilometa milioni 150, mwezi uko kati ya kilometa 356 000 na 407 000 hivi. Kwa hiyo tukiwa hapa chini, vyote viwili vinaonekana karibu na upana mmoja.

Mwezi hauzunguki dunia kwa duara kamili. Kuna siku uko karibu, kuna siku uko mbali. Ukipita mbele ya jua siku ambayo uko karibu, unalifunika lote, mchana unakuwa giza. Hiyo ni eklipse kamili, kama ile ya tarehe 21 Juni 2001 iliyopita Lusaka, kwa jirani zetu Zambia, kisha Zimbabwe na Msumbiji. Wazee wa Sakania na Kasenga wenye umri wa kutosha wanakumbuka mwanga ulivyopungua alasiri ile. Lakini mwezi ukipita siku ambayo uko mbali, unakuwa mdogo kidogo kuliko jua. Unaingia katikati, na ukingo wa jua unabaki unawaka pande zote. Hiyo ndiyo pete.

Mtauliza: mwezi unazunguka kila mwezi, mbona jua halipatwi kila mwezi? Kwa sababu njia ya mwezi imeinama kidogo, kama digri 5, ukilinganisha na njia ambayo jua linaonekana kupita. Mara nyingi mwezi unapita juu kidogo au chini kidogo ya jua, na hatuoni kitu. Fikirieni watu wawili wanaopita barabara mbili zinazokatana: lazima wafike kwenye njia panda saa moja ndipo wakutane. Na hata wakikutana, kivuli cha mwezi ni kidogo, kinapita juu ya kanda nyembamba tu ya dunia. Kijiji kimoja kinaweza kukaa miaka mingi sana bila kupata pete.

Kwa nini pete ni hatari kuliko jua la kila siku?

Jua la kila siku linajilinda lenyewe. Ukilitazama, jicho linakataa: unafumba, unageuza kichwa, machozi yanatoka. Siku ya pete, mwanga umepungua, jicho halikatai tena. Mtu anaweza kukaza macho dakika nzima bila shida. Na pale ndipo ajali inatokea.

Tupige hesabu. Mwaka 2016, pale pete ilipokuwa nzuri kabisa, mwezi ulifunika kama 97 kwa 100 ya upana wa jua. Mtu anasema: basi jua limeisha. Hapana. Ukihesabu eneo, lilibaki kama 5 kwa 100 ya jua. Na ile 5 ni jua lenyewe, moto uleule. Mwanga wake unazidi mwanga wa mwezi mpevu kama mara 20 000. Chukua kaa la moto, funika sehemu yake kubwa kwa majivu, kisha weka kidole kwenye sehemu ndogo iliyobaki wazi. Je, haitakuunguza kwa sababu ni ndogo?

Ndani ya jicho, nyuma kabisa, kuna ngozi nyembamba inayopokea picha. Jicho lenyewe ni kama lupe: linakusanya mwanga wa jua kwenye nukta moja ya ngozi ile, na nukta hiyo ndiyo tunayotumia kusoma, kutambua sura za watu, kuchambua mbegu. Ngozi ile haina maumivu. Inaungua na wewe unacheka. Unajua nyuma ya masaa, pengine kesho yake. Kwa wengine doa linapungua nyuma ya miezi, kwa wengine linabaki maisha yote. Hakuna dawa ya kuirudisha ngozi ile kama ilivyokuwa.

Kwa eklipse kamili kuna dakika chache ambazo jua limefunikwa lote, na hapo watu wanaweza kuangalia bila kinga. Kwa eklipse ya pete dakika hizo hazipo, hata moja. Toka mwanzo mpaka mwisho, sehemu ya jua iko wazi. Hii muishike vizuri: siku ya pete hakuna wakati wa kuangalia jua na macho matupu.

Vitu ambavyo watu wanatumia na havilindi

Tumesikia mengi, na kila mtu ana shangazi au rafiki aliyemwambia. Tuseme wazi.

Filme ya radiografi hailindi. Inapunguza mwanga unaoonekana, lakini joto lisiloonekana linapita na kuunguza.

Kioo kilichopakwa moshi wa taa au wa mshumaa hakilindi.

Malineti meusi ya jua, yale ya kuvaa barabarani, hayalindi, hata ukivaa mawili juu ya mengine.

Sidi za muziki, karatasi ya bisikuti inayong'aa, chupa ya bia ya rangi: vyote hapana.

Beseni ya mayi. Hii wazee wengi wanaipenda: unaweka mayi, unaangalia jua ndani yake. Mayi yanarudisha sehemu ndogo tu ya mwanga, lakini ukikaza macho hapo dakika nyingi, bado unajiumiza. Tuiache.

Darubini na jumeli ni mbaya kuliko vyote. Zinakusanya jua na kulimimina ndani ya jicho. Hata mwenye malineti mazuri ya eklipse asitazame kupitia jumeli: joto litatoboa malineti na kuingia jichoni kwa sekunde chache.

Telefone: anayetaka kupiga picha, mara nyingi macho yanateleza pembeni ya telefone na kukutana na jua lenyewe. Tena telefone inaweza kuharibika. Mpige picha vivuli chini, vitawafurahisha zaidi.

Namna ya kuangalia bila hatari na bila makuta

Njia nzuri kuliko zote haiombi hata faranga moja: usiangalie jua, angalia picha yake.

Kamata kipande cha karatoni. Toboa tundu moja dogo kwa msumari, upana wa milimeta 2 au 3. Geuka, upe jua mgongo. Shika karatoni juu ya bega ili mwanga upite kwenye tundu na uanguke kwenye karatasi nyeupe au kwenye ukuta. Utaona duara dogo la mwanga. Duara lile si umbo la tundu, ni picha ya jua. Hata ukitoboa tundu la pembe tatu, picha inakuwa ya mviringo. Karatasi ikiwa umbali wa meta 1, picha inakuwa na upana wa kama milimeta 9. Ikiwa meta 2, karibu sentimeta 2. Jua likiliwa, picha inaliwa. Jua likivaa pete, picha inakuwa pete.

Muangalie picha tu. Tundu si la kuchungulia jua. Tunarudia kwa ajili ya watoto: tundu si la kuchungulia.

Kichungi cha unga chenye matundu makubwa, au kikapu kilichosukwa wazi, kitawapa picha kumi, ishirini kwa mara moja. Hata vidole vyenu: mvipishanishe kama kimia, na kati ya vidole mwanga utapita.

Lakini mwalimu mzuri kuliko wote ni mwembe. Kila nafasi ndogo kati ya majani ni tundu. Siku za kawaida, chini ya mwembe munaona madoa ya mwanga ya mviringo. Hatujiulizi mbona ni ya mviringo wakati nafasi kati ya majani hazina umbo. Ni picha za jua, mamia kwa mamia, kila siku chini ya miguu yetu. Ile Septemba 2016, tulipomaliza kumwangalia yule kijana na filme yake, mama wa ndoo akatuita: «Muje muone huku!» Chini ya mwembe, bulongo yote ilikuwa imejaa miezi midogo, mundu mamia, zote zimegeukia upande mmoja, zinatikisika na upepo. Watoto walikuwa wanazikanyaga na kucheka. Yule mama hakuinua macho hata mara moja, na aliona vizuri kuliko sisi wote.

Mwenye kutaka kuangalia jua lenyewe, kuna vitu viwili tu.

Cha kwanza ni malineti ya eklipse yenye alama ISO 12312-2. Ukiyavaa ndani ya nyumba, usione kitu. Ukitoka nje, usione miti wala watu, uone jua peke yake. Ukiona kitu kingine, ni ya uongo. Yakiwa na mkwaruzo au tundu, myakate na kuyatupa. Wauzaji wa barabarani watakuwa wengi siku zile, na alama inaweza kuchapwa na mtu yeyote: mununue mapema, kwa mtu munayemjua.

Cha pili ni kioo cha mafundi wa kusude, namba 14. Mji wetu una mafundi wa chuma kila avenue, Likasi na Kolwezi vilevile, na watu watakwenda kuazima vioo vyao. Muangalie namba. Vioo vya kazi ya kila siku mara nyingi ni namba 10 au 11, na hivyo havitoshi kwa jua. Ni namba 14. Fundi asipojua namba ya kioo chake, mushukuru na murudishe.

Mtu akiangalia kwa bahati mbaya na kuona doa au ukungu, aende kwa daktari wa macho haraka. Musimtie kwenye jicho mayi ya majani, maziwa ya mama wala dawa ya jirani. Doa liko ndani kabisa, dawa ya juu hailifikii, inaongeza tu ugonjwa mwingine.

Na shamba je?

Hapa tuko kwenye kazi yetu. Tumeulizwa kama eklipse inaunguza mahindi, inaharibu mbegu iliyopandwa siku ile, inaingiza sumu kwenye muhogo ulioanikwa, au inafanya mbuzi atoe mimba. Jibu ni hapana kwa yote manne. Jua halitoi kitu kipya siku ile. Linatoa kilekile, pungufu kidogo kwa masaa mawili au matatu. Kwa mmea ni kama wingu zito limepita: majani yanapunguza kazi, mwanga ukirudi yanaendelea. Mvua moja ya mawe inaharibu shamba kuliko eklipse mia.

Mtakachoona ni vitu vidogo. Joto linashuka kidogo. Upepo unaweza kubadilika. Ndege wanaweza kunyamaza, kuku wanaweza kujikusanya kama jioni, nyuki wanaweza kupunguza kutoka. Koperative yenye termometa iandike joto kila dakika kumi. Vijana watajifunza kupima kitu na kukiandika, na kazi hiyo itatusaidia pia kwa mvua.

Wenye pompe ya mayi inayotumia sahani za jua: nguvu itapungua kadiri jua linavyofunikwa. Pompe ikisimama, musifungue chochote, haijaharibika. Jazeni tanki siku moja mbele.

Na wazee waliokataza wamama wenye mimba kutoka nje, au waliofunika vyungu na visima? Hatuwacheki. Mzee ambaye hakuwa na malineti wala karatoni, na aliyewaambia watoto wake waingie nyumbani, aliokoa macho yao. Katazo lilikuwa na matunda, hata kama sababu iliyosemwa haikuwa ile. Sasa tunajua sababu ya kweli. Mama mwenye mimba anaweza kukaa chini ya mwembe kama wengine, mtoto wake hatapata doa wala kilema kwa ajili ya mwezi kupita. Chakula kinalika. Mayi yananyweka.

Kuna jambo lingine linalotusumbua zaidi. Siku kama ile, watu wa kutangaza mwisho wa dunia hawakosi. Mtu anauza mahindi yake kwa bei ya bure, au anakula mbegu, kwa sababu ameambiwa kesho haipo. Mumwambie: mwezi huu unaopita mbele ya jua, watu waliandika siku yake miaka mingi mbele, na ya baadaye imeandikwa pia. Mbegu aiweke.

Tarehe 21 Mei 2031

Safari hiyo kanda ya pete itatoka Angola, itapita kusini ya Kongo yetu, Zambia na Tanzania, kisha itavuka bahari mpaka India ya kusini, Sri Lanka na Indonesia. Kanda itakuwa na upana wa kilometa zaidi ya 100. Walio ndani yake wataona pete kwa dakika chache. Walio pembeni wataona mundu mwembamba. Kwa hiyo kijiji na kijiji havitaona sawa, na radio ikisema «Katanga», musitosheke: muulize ramani inasema nini juu ya kijiji chenu. Kanuni za macho ni zilezile kwa wa ndani na wa pembeni.

Itakuwa asubuhi mapema. Kwetu pete itakuwa kati ya saa moja na saa mbili asubuhi (7h00 na 8h00), jua likiwa bado chini. Hiyo ina maana tatu.

Ya kwanza: ni saa ya watoto kwenda shule na ya wakulima kwenda shamba. Watu wengi watakuwa barabarani, na wanaotembea kuelekea mashariki watakuwa na jua usoni. Dereva na watu wa baiskeli wajue.

Ya pili: jua la chini linaonekana jekundu na pole, na watu wataliamini. Wasiliamini.

Ya tatu: vivuli vitakuwa virefu. Madoa ya mwembe hayataanguka chini ya mti, yataanguka mbali, upande wa magharibi. Ukuta mweupe wa shule au wa depo, uliogeukia mashariki, wenye mti mbele yake, ndiyo mahali pazuri. Mutafute ukuta wenu mapema. Usipokuwepo, mutundike shuka nyeupe.

Pete yenyewe itakuwa nene kuliko ile ya 2016, kwa sababu mwezi utaonekana mdogo zaidi: kama 95 kwa 100 ya upana wa jua. Maana yake ni jua zaidi linalobaki wazi, na hatari zaidi.

Ni mwezi wa tano, mwanzo wa baridi. Mahindi mengi yatakuwa yamevunwa, yako juu ya bashi yanakauka. Musiyaondoe kwa woga. Asubuhi saa ile kuna umande, na jua halikaushi sana hata siku za kawaida. Muanike baada ya umande kuisha, kama kila siku.

Tunaomba koperative zifanye nini?

Kila koperative ichague mtu wawili, mama mmoja na kijana mmoja, wajifunze karatoni na tundu mpaka waweze kufundisha. Hawahitaji eklipse kwa kujifunza: picha ya jua inaonekana kila siku kwenye tundu.

Waongee na mkuu wa shule na chefu wa kijiji wiki mbili mbele, halafu tena siku moja mbele. Watoto wasiachwe peke yao asubuhi ile.

Gazeti hili mulikate, mulibandike kwenye depo, pembeni ya karatasi ya bei.

Wakulima tunaishi na vitu tusivyojua siku yake. Mvua ya kwanza itanyesha lini, hakuna wa kutuambia. Viwavi vitaingia lini, hatujui; tunaviona asubuhi vikiwa vimekwisha kula. Bei itashuka lini, tunashtukia sokoni. Eklipse ni tofauti. Siku yake imeandikwa, saa yake imeandikwa, na hatari yake inazuiliwa na kipande cha karatoni. Shida kama hiyo mtu akiishindwa, hawezi kulaumu mvua.

Yule mwenzetu wa Kafubu tulimuomba ruhusa ya kuandika habari yake. Alikubali, akasema tuandike pia neno moja kwa vijana. Tunaliandika kama alivyolisema: «Mubaambie jua haikuniuma. Ingeniuma, ningeacha.»